Juu ya Neno "Bob" na Wanaolifasiri "Fedha"

Wako waalimu wa Kiingereza wafundishao kwamba "bob" maana yake ni fedha. Tafsiri hii haifai kuachwa ipite, kwani humpoteza mwanafunzi. Akitaka kusema kwamba hana fedha, atasema hana "bob", na Mwingereza atamkodolea macho, maana kwake neno hili ni la kuhesabia.

Bob ni shilingi. Katika maandishi laonekana tangu mwisho wa karne ya 18, wakati shilingi ya Uingereza ilipokuwa na peni 12, na shilingi 20 zikifanya pauni moja. Wengine hulitoa katika jina la Robert Walpole, aliyekuwa waziri mkuu. Huyo alifariki mwaka 1745, miaka mingi kabla ya neno kuandikwa, wala mimi siikubali hadithi ile.

Tena halina wingi. Husemwa "ten bob", si "ten bobs", kama sisi tusemavyo shilingi moja na shilingi kumi, jina lisigeuke. Hata wakimtaja tajiri, Waingereza husema ana "a few bob", yaani shilingi chache! Afasiriye neno kwa neno atamfanya tajiri kuwa maskini. Ndio mzaha wao, hupunguza wakitaka kuzidisha.

Tarehe 15 Februari 1971 Uingereza iliiacha hesabu ya shilingi, na iliyokuwa shilingi ikawa peni mpya 5. Huko neno limebaki katika misemo tu. Kenya sivyo. Shilingi ya Afrika Mashariki, yenye senti 100, ilianza mwaka 1921, na neno likaifuata. Hata leo, mjini Nairobi, "fifty bob" ni shilingi hamsini za kweli, za kulipia nauli. Jina la utani limeishi kuliko sarafu iliyolizaa.

Walakini halijawa jina la fedha zote, na hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa. Pesa ilikuwa sarafu ya Bara Hindi. Hela ilikuwa sarafu ya Wadachi, iliyotolewa mwaka 1904 katika koloni lao la Afrika Mashariki, hela 100 kwa rupia moja. Sarafu zote mbili zilikwisha, majina yakabaki, yakapanuka. Mtanzania aliyeishiwa husema hana hela, wala hawazi habari za Wadachi. Bob ilipofika, nafasi hiyo ilikuwa imekwisha kujaa.

Tena Kiswahili hakikulivika irabu. Shilingi na pauni zilivikwa zamani, lakini bob latembea uchi vivyo hivyo lilivyoshuka melini. Kwangu hiyo ni dalili ya mgeni aliyekaa barazani, asiyeingia ndani. Basi mtunga kamusi na aandike: shilingi, katika mazungumzo, huandamana na hesabu. "Fedha" aifute.