Sentensi Ipi Inasomwa? Uhakiki wa Uangazaji wa Ujumbe wa Hitilafu katika Kihariri cha Emacs

Mtunzi wa programu ni msomaji kabla ya kuwa mwandishi. Anapoiagiza kompaila igeuze msimbo wake kuwa lugha ya mashine, hurudishiwa orodha ya jumbe, kila mmoja ukitaja faili, mstari na kasoro iliyogunduliwa. Tangu hapo husoma matini mbili kwa pamoja: orodha ya lawama upande mmoja, msimbo unaolaumiwa upande wa pili. Uhakiki huu unahusu namna kihariri cha GNU Emacs, kilichoanza kusambazwa mwaka 1985, kinavyomwongoza msomaji huyo kati ya matini hizo, na mahali ambapo mwongozo huo unageuka kuwa suala la lugha.

Amri ya kwenda kwenye hitilafu inayofuata humfikisha mtumiaji kwenye mstari wenye kasoro. Mahali hapo katika msimbo hukolezwa rangi kwa nusu sekunde, kisha rangi hufutika. Katika orodha, hata hivyo, ujumbe wenyewe kwa miaka mingi ulitambulishwa kwa kishale kidogo tu ukingoni mwa dirisha. Kwa jumbe tatu kishale kinatosha. Kwa jumbe mia mbili zinazofanana, baadhi zikienea mistari kadhaa, jicho linalorudi kutoka kwenye msimbo hulazimika kutafuta upya. Toleo la 28.1, lililotoka Aprili 2022, liliongeza chaguo liitwalo next-error-message-highlight: ujumbe unaoshughulikiwa hukolezwa rangi na, mtumiaji akitaka, jumbe zote alizokwisha kupitia hubaki na rangi hiyo.

Nyongeza hii inastahili sifa, kwa kuwa inakiri kwamba ujumbe wa hitilafu ni matini ya kusomwa, wala si kibao cha njia tu. Lakini chaguo hilo huja likiwa limezimwa. Anayelihitaji zaidi ni mwanafunzi, na mwanafunzi ndiye asiyejua kwamba lipo.

Kasoro kubwa zaidi imejificha chini ya rangi. Kihariri hakielewi sentensi ya kompaila. Hulinganisha maumbo na ruwaza zilizoandikwa awali. Jina la faili, nukta pacha na namba ya mstari hutambulika katika lugha yoyote. Uzito wa kosa hautambuliki hivyo. Ili kujua kwamba ujumbe ni onyo na si hitilafu kamili, ruwaza ya jumbe za mtindo wa GNU hutafuta neno la Kiingereza warning. Kompaila ya GCC ikizungumza Kijerumani huandika Warnung. Tofauti ni herufi moja, nayo inatosha: onyo huvikwa rangi ya hitilafu. Mtumiaji aliyeomba maonyo yarukwe husimamishwa kwenye kila moja. Dawa iliyozoeleka ni kuiamuru kompaila irudi kwenye Kiingereza, dawa ambayo kwa hakika ni kuiondoa lugha ya mgonjwa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoguswa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia programu ambazo maneno yake yaliyotafsiriwa huishia machoni pa binadamu. Menyu ikisomeka, kazi imekwisha. Katika zana za watunzi wa programu, neno lililotafsiriwa husomwa pia na programu nyingine. Mfano wa kubuni unatosha:

hesabu.c:42:7: onyo: kigeu hakijatumika

Msomaji wa Kiswahili ataelewa mara moja kwamba jambo si la hatari. Emacs itampeleka mstari wa 42, safu ya 7, bila kukosea, na kumwonyesha onyo hilo kama hitilafu. Istilahi itakuwa sahihi, sarufi itakuwa safi, na tafsiri itakuwa imeharibu kifaa.

Kamati za istilahi katika ukanda huu zimezoea kupima neno kwa ufasaha wake na kukubalika kwake. Kwa jumbe za kompaila vipimo hivyo ni pungufu. Kamati inayochagua kati ya onyo, tahadhari na angalizo inapaswa kuchagua moja na kulishikilia katika jumbe zote, kisha kuwapelekea watunzaji wa kihariri ruwaza inayolitambua, pamoja na faili ya tafsiri na kabla haijasambazwa.