Neno Adimu Mahali Pake

Katika ufundi wote wa uandishi, ninaouheshimu zaidi ni wa kuliweka neno adimu pahali pake. Likikaa vibaya, msomaji humwona mwandishi akijionyesha. Likikaa sawasawa, humsahau mwandishi akabaki na kitu chenyewe.

Mfano ninaourudia kila mara umo katika Macbeth ya Shakespeare, iliyochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1623. Macbeth amekwisha kumuua mfalme. Anaitazama mikono yake yenye damu, anaona kwamba bahari haitaiosha, bali mikono hiyo ndiyo itakayozibadili bahari rangi. Hapo Shakespeare anazivika bahari hizo kivumishi chenye asili ya Kilatini, silabi tano, ambacho Mwingereza wa kawaida huweza kuishi na kufa asikitamke. Mdomo unalazimika kupunguza mwendo. Silabi zinafuatana kama mawimbi. Punde tu yanaingia maneno mafupi ya rangi, kijani na nyekundu, anayoyajua hata mtoto mdogo. Lile refu limepata uzito wake kutoka kwa haya mafupi. Yangekuwa marefu yote, tungesikia kelele tu.

Hapa Msasani, alikokuwa na makazi Mwalimu Nyerere, mambo haya si mageni. Mwalimu alitafsiri Julius Caezar mwaka 1963, akairekebisha ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi naye alitupa Makbeth mwaka 1968. Walibeba mzigo mzito, maana vivumishi vyetu vya asili ni vichache, tena huja nyuma: bahari hutangulia, sifa ikafuata.

Lakini akiba tunayo. Tuna shadidi, tuna adhimu, tuna nyeupe pe na nyeusi tii. Lukuki magazeti yamelichosha kwa kulibandika kwenye kila changamoto, na hilo linaniuma. Maridhawa bado ni bichi: nikiambiwa leo ufukweni kuna samaki maridhawa, nayaona matenga yakifurika.

Kijana unayeandika, chagua neno moja la namna hiyo, lizungushie maneno ya kila siku, kisha msomee kwa sauti mtu asiyelijua. Akikiona kitu kabla ya kuuliza maana, usilifute.