Zamu ya Mtoto Darasani

Tangu Septemba 2019, serikali ya Kongo ilipoondoa malipo katika shule za msingi za umma, madarasa ya Kalemie, mji uliokaa pale Mto Lukuga utokapo Ziwa Tanganyika, yamepokea watoto ambao hapo kabla ufukara uliwafungia mlango. Na mwalimu asimamaye mbele ya mabenchi yaliyosongamana aghalabu hushawishika kukihesabu kimya kuwa ndicho usikivu, ilhali mtoto aweza kuukazia ubao macho na fikira zake zimekwisha vuka ziwa.

Namna ya kuirudisha nadhari hiyo ilipata kujaribiwa huko Katanga, zama ambazo eneo la Tanganyika, lenye Kalemie ndani yake, lilikuwa lingali sehemu ya jimbo hilo. Shirika la International Rescue Committee, kwa fedha za Marekani, liliendesha kazi iliyoanza 2010, na wanazuoni wa Chuo Kikuu cha New York wakapima athari yake katika shule za msingi 63, kwa wanafunzi wa darasa la pili hadi la nne. Makundi ya shule yaligawanywa kwa kura, mengine yaanze na mengine yangoje, ili tofauti itakayoonekana inasibishwe na ufundishaji wenyewe, wala si bahati ya mahali. Walimu nao, baada ya mafunzo ya awali, hawakuachwa peke yao, bali waliendelea kukutana na wenzao wa shuleni, wakishauriana juu ya somo lililokwama na sababu ya kukwama kwake.

Ndani ya darasa, stadi ya kusoma iliunganishwa na jitihada ya kumfanya mtoto ajione salama, na kazi ya ushirikiano ikapewa nafasi yake. Faida ya ushirikiano huo yadhihirika kwa hesabu nyepesi: katika darasa la watoto 60, swali lijibiwalo kwa kunyoosha mkono humpa mmoja kauli na kuwaacha 59 wasikilize au wasinzie, lakini wakiamriwa wasomeane wawili wawili, 30 husoma kwa wakati mmoja na 30 huwasahihisha, asibaki hata mmoja asiye na shughuli.

Baada ya mwaka mmoja, wanafunzi waliwaona walimu wao kuwa wenye kuwajali zaidi, na usomaji ukapanda kidogo. Ama kujumlisha na kutoa, hakukuonekana maendeleo ya yakini. La kustaajabisha ni kwamba watoto hao hao waliona utaratibu wa shule umepungua kutabirika, na ushirikiano umepungua pia. Kwa rai yangu, sababu haiko mbali: desturi ya kukariri kwa pamoja, pamoja na uchovu wake wote, humjulisha kila mtoto mahali pake, na mwalimu aiachaye bila ya kuweka kanuni nyingine badala yake huwaacha wanafunzi wakisubiri wasijue linalofuata.

Jambo hili lina uzito wa pekee Kalemie, ambako vita vya Watwa na Waluba vilileta wakimbizi wengi mnamo 2016 na 2017, wakapiga kambi Katanika, Kalunga na kwingineko. Kwani mtoto aliyepotewa na nyumba huhitaji kwanza kujua saa yake itapitaje. Basi jozi zisibadilishwe kila siku, ishara ya kuanza na ya kunyamaza iwe moja, na zamu zizunguke kwa mpango ulio wazi kwa wote. Lugha nayo ni sehemu ya mpango huo: sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imeruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia, na Kiswahili ni mojawapo, hivyo mwalimu wa madarasa ya chini hana udhuru wa kumwuliza mtoto kwa Kifaransa asichokielewa, kisha amlaumu kwa kutojibu.

Direkta akitaka kujua kama njia hii imeshika katika shule yake, asipime kimya. Na akae nyuma ya darasa kwa kipindi kizima, ahesabu ni watoto wangapi waliopata kufungua kinywa.