Tanzia za Magari, Zikisomwa Voi

Kuna aina ya makala ambayo nimeisoma mara nyingi sana hadi naweza kuiandika nikiwa nimelala. Kampuni inatangaza kwamba kitengo chake cha magari ya kasi kinafungwa, ama gari lake la mwisho la petroli limetoka kiwandani. Wiki hiyo hiyo mwandishi, kawaida Mzungu na kawaida amepewa gari la bure la kujaribu, analipandisha mlimani alfajiri, anafungua dirisha asikie injini, halafu anatuambia enzi imeisha. Mitsubishi Lancer Evolution iliandikiwa hivyo ilipokomeshwa 2016. Renault Sport nayo, ilipomezwa na Alpine mwaka wa 2021. Na Machi 2022, Subaru iliposema haitaunda WRX STI mpya ya petroli, manze, walilia hadi watu ambao hawajawahi kukanyaga klachi.

Sitawacheka sana kwa sababu mimi pia nilishikwa na kitu kooni. Nimekulia Voi. Mombasa Road inapita hapo, na usiku wa Desemba, watu wakishuka pwani, unaitambua Suba yenye turbo kabla hujaona taa. Mabomba yake ya ekzosi hayalingani urefu, kwa hivyo moshi hautoki kwa mpigo mmoja, unatoka ukikokoteka, kama mtu anayecheka na kifua kibaya. Tukiwa wadogo tulikuwa tunabishana kitandani ni gia ya ngapi hiyo.

Shida yangu ni jinsi tanzia hizi zinavyoandikwa. Kenya ikitajwa ni vumbi tu. Utapata picha ya Impreza ya buluu, jina la Colin McRae aliyeshinda Safari Rally 1997, la Richard Burns aliyeishinda 2000, na nyuma yao ardhi nyekundu isiyo na mtu. Patrick Njiru, aliyemaliza wa nne na Impreza mwaka wa 1994, huwa haingii. Wala hakuna anayeuliza kama hiyo ardhi nyekundu ilikuwa na wenyewe.

Ilikuwa nao. Safari ilianza 1953, na kwa miaka mingi ilishuka hadi pwani na kukwea Taita Hills. Wazee wetu walisimama kando ya njia kuwaona madereva wa viwanda vya Ulaya na Japani wakipigana na kona zile zile ambazo matatu ya Wundanyi inazipanda leo ikiwa na magunia ya kabeji juu. Magari ya kiwandani yaliletwa hapa kuvunjwa, ili yakirudi kwao yaweze kuuzwa kama magari yasiyovunjika. Kisha miaka ya 1990 njia ikafupishwa, baada ya 2002 Safari ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia, na iliporudi 2021 ikawekwa Naivasha. Taita ilifiwa zamani, na sijaona tanzia yake popote. Kilichobaki ni ile Safari ya magari ya kale, ambayo imepita Voi na Taita Hills mara kadhaa. Humo Porsche 911, gari ambalo halikuwahi kushinda Safari yenyewe, lilishinda 2011 likiendeshwa na Björn Waldegård. Hata mizimu hupewa nafasi ya pili, inaonekana.

Tanzia nyingi pia zinadanganya kuhusu chanzo cha kifo. Eti ni umeme, eti ni wanamazingira. Sehemu ni kweli: Ulaya, kiwanda kinachozidisha wastani wa kaboni uliowekwa kinatozwa euro 95 kwa kila gramu ya ziada, na hiyo inazidishwa na kila gari jipya kilichouza. Ukiwa na hesabu kama hiyo, gari moja lenye kiu linaweza kukugharimu kuliko linavyokuletea. Lakini Subaru ilijitoa kwenye rally za dunia Desemba 2008, katikati ya mtikisiko wa fedha, wakati magari ya umeme yalikuwa bado mzaha. STI ilianzishwa 1988, na rally ndizo zilizoipa jina. Kwa hivyo hiyo iliyotangaziwa mwisho 2022 ilikuwa imekaa ujane zaidi ya miaka kumi, ikiuza kumbukumbu. Angalia gari la kuaga injini ya EJ20 mwaka wa 2019: magari 555, wanunuzi Wajapani wakipigiwa kura. Mbona 555? Ni jina la sigara iliyofadhili timu. Huzuni yote ile, na namba yake inatoka kwa pakiti ya fegi.

Sisi hapa msiba unatufikia kwa kalenda yake. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililopita miaka minane tangu lisajiliwe, kwa hivyo STI za 2019 mlango unazifungia mwisho wa 2026, na zile chache za 2020 mwisho wa 2027. Huo ndio mwisho wetu halisi, na umewekwa na hesabu za bandarini.

Lakini tuseme ukweli, ni wangapi Voi waliwahi kuwa na STI? Tulikuwa na beji. Imebandikwa kwa Impreza ya 1500 isiyo na turbo, kwa Forester ya mwalimu, nimewahi kuiona hata kwa Probox. Zamani nilikuwa naona ni ushamba. Siku hizi naona ni usomaji wa haki kabisa wa kile kiwanda kilichokuwa kinauza.

Kitu kingine ambacho sijakipata kwenye tanzia hata moja ni maiti. Injini zinakufa, vitengo vinakufa, ila mtu hafi. Mwaka niliomaliza kidato cha nne tulimzika kijana wa mtaa wetu aliyeingia chini ya lori lililokuwa limeharibika gizani, upande wa Maungu, bila taa, bila hata matawi barabarani. Alikuwa kwa Impreza. Mazishini wenzake walikuja na msafara, na jeneza liliposhushwa wakapasua ekzosi zote kwa pamoja. Mama yake alishtuka akashika masikio. Mimi nilisimama nyuma, na aibu yangu ni kwamba mlio ule niliupenda hata siku hiyo. Mwandishi wa mlimani alfajiri angekuwa na hilo la kueleza, ningemsoma hadi mwisho.

Juzi nilimsomea mtoto wa mjomba tangazo lile la 2022. Ana Impreza ya 2007, 1500, beji ya waridi aliyoinunua kwa mia mbili, na anaitumia kupeleka watu Mwatate. Alisikiliza akiwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Sasa si wataacha kutengeneza spea?"

Nikamwambia yake haina uhusiano na hiyo injini.

"Sawa. Nipatie spana ya kumi na saba."

Nikampa ya kumi na tisa. Akairudisha.