Saa Nane Siyo Saa Nane

Benchi la dirisha la dawa, hospitali ya wilaya. Foleni ilikuwa ndefu nami sikuwa na haraka, maana nilinogewa kumtazama fundi dawa sanifu. Kwa tundu lile la dirisha nilichokiona hasa ni mikono yake.

Alimimina vidonge kwenye trei, akavivuta vitano vitano kwa kisu butu. Kidole hakikugusa kidonge. Vilivyozidi vilirudi kwenye kopo, kopo likafungwa, ndipo akafungua jingine. Makopo mawili hayakukaa wazi kwa pamoja hata mara moja. Metformin ni ya kisukari, metronidazole ni ya amiba. Majina yanaanza sawa, na macho yaliyochoka huishia hapohapo pa mwanzo.

Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, ameandikiwa amoxicillin ya maji. Fundi aliigongagonga chupa kiganjani hadi unga ukaachana, akatia maji kiasi, akatikisa, akasubiri povu litulie, akajazia hadi kwenye alama. Maji yote yakitiwa kwa pupa, unga hushika mabonge chini, mtoto akanywa dawa nyepesi leo na nzito keshokutwa.

Kisha akaja kijana wa malaria. Dawa ya mseto, vidonge 24 vya siku 3, vinne kila dozi, na dozi ya pili ni baada ya saa nane. Hapa Kiswahili chetu kinamtega mgonjwa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Ukimwambia "saa nane" atameza saa nane mchana, nusu ya muda. Walimu walitukanya tusiseme "masaa", nami bado nawaunga mkono, ila siku ile niliyumba. Fundi hakujiingiza katika ugomvi huo. Aliangalia saa ya ukutani.

"Mdogo wangu, umekula?"

"Chai na maandazi."

"Vizuri, hii inataka mafuta kidogo. Vinne meza hapahapa. Vinne vingine saa kumi na mbili jioni. Kesho na keshokutwa, asubuhi na jioni. Haya, niambie wewe: utamezaje?"

Kijana akarudia, akakosea. Fundi akaanza upya, wala hakukunja uso.

Nyuma yake kulikuwa na leja, kadi za bohari, na rafu ambazo boksi linalowahi kuisha muda hukaa mbele. Kwenye friji ilibandikwa karatasi ya joto, asubuhi na jioni, kati ya nyuzi 2 na 8. Humo hukaa insulini, na oxytocin ya kuzuia mzazi asitoke damu nyingi. Oxytocin ikipata joto hupoteza nguvu bila kubadilika rangi. Atakayeichoma wodini hana cha kuangalia. Anaitegemea karatasi ile iliyojazwa kwa kalamu ya mtu asiyemwona.

Ukiulizwa dirishani "utamezaje?", tafadhali usijibu "najua". Rudia yote, neno kwa neno, hata kama foleni nyuma yako inaguna.