Nguo Isiyo na Akiba

Mama yangu hanunui mtumba kwa kuutazama mbele. Akifika sokoni Tandika asubuhi, belo limefunguliwa na watu wanasukumana juu ya turubai, yeye huchukua gauni moja, huligeuza ndani nje, kisha hupitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavuni, kuanzia kwapani hadi chini. Halafu hulirudisha, au hulitupia begani. Rangi huitazama baadaye. Utotoni nilikuwa naona aibu kusimama naye, kwa sababu wenzake walikuwa wanachagua nguo na yeye alikuwa kama anapapasa tumbo la mgonjwa.

Alichokuwa anakitafuta alikiita akiba. Ni kile kitambaa kinachobaki ndani ya mshono, upande wa pili wa uzi, ambacho mshonaji wa kwanza alikiacha akijua kwamba mwili wa mwanadamu haukai ulivyo. Nguo yenye akiba ya vidole viwili unaweza kuifumua kwa wembe, ukausogeza mshono nje, ukapiga pasi mpaka alama ya zamani ififie, na mtu aliyenenepa akaivaa kama ilikatwa kwa ajili yake. Nguo isiyo na akiba inakubali jambo moja tu: kupunguzwa.

Nguo iliyonifundisha maana ya neno hilo ni suruali ya suti ya baba. Mama aliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ilipokuwa imejaa mjini na wazee bado wakiiita kafa Ulaya. Ilikuwa ya sufu, ya kijivu, na nyuma kiunoni, pale mshono unaposhuka katikati, ilikuwa na akiba ya karibu sentimita 4 kila upande. Baba alikuwa mwembamba, kwa hiyo mama aliibana. Miaka ikaenda, baba akaota kitambi, mama akaiachia. Alipoanza kuugua, akaibana tena. Mara ya mwisho hakumwambia. Aliichukua usiku ikiwa imetundikwa nyuma ya mlango, akakaa kwenye ile Butterfly yetu ya kukanyaga kwa miguu, akashona taratibu ili chuma kisipige kelele. Asubuhi baba aliivaa kwenda kliniki, akafunga kishikizo, akasema dawa zinaanza kumkubali.

Sasa suruali hiyo ninayo mimi. Ukiigeuza unaona mistari ya matundu ya sindano imepangana kiunoni kama alama za maji kwenye ukuta baada ya mafuriko.

Nimeanza na suruali kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikitazama kazi zinazohusu kugeuza mitumba, za wasanii wakubwa na za vijana wenye simu, na kila mara nimetoka na jambo linalonikera bila kulijua jina. Sasa nadhani nimelijua.

Nianze na vijana. Kuna aina ya video fupi ambayo kila msomaji wangu ameiona. Binti anainua shati la kiume, kubwa kama pazia. Anatoa mkasi. Muziki. Sekunde chache baadaye anazunguka akiwa na sketi na kitopu, na kila mtu chini anaandika kwamba ana mikono ya dhahabu. Sina ugomvi na ustadi wao. Wengine wanakata shingo bila hata kuchora kwa chaki na inatoka sawa. Ninachouliza ni hiki: kwa nini nguo ya kuanzia ni kubwa siku zote, na mwili wa mwisho ni mdogo siku zote? Nimetazama nyingi nikisubiri ile moja ambamo mama wa watoto wanne anachukua gauni lililombana na kulitanua. Zipo chache sana, na haziendi mbali. Kukata kunapendeza kwenye kamera, kwa kuwa mkasi unaonekana ukifanya kazi. Kufumua ni kuinamia mshono saa nzima huku wembe ukikukwaruza kidole. Hakuna muziki wake.

Kwa hiyo ufundi wa kugeuza nguo, tunavyoonyeshwa, umekuwa ufundi wa kupunguza. Mtoto anayekua hayumo. Mjamzito hayumo. Mtu ambaye dawa zimemjaza maji hayumo. Nao ndio walikuwa wateja wa mama yangu. Walikuja jioni na mfuko wa rambo wenye nguo moja ndani, wakasema kwa sauti ya chini, "Dada, imenikataa." Hakuna hata mmoja niliyemsikia akiomba nguo ipunguzwe ili apendeze.

Sasa wasanii. Mwaka 2022 kazi mbili kutoka kanda yetu zilibeba jina moja la Kiingereza, Return to Sender, yaani irudishwe kwa aliyeituma. Ya kwanza ni ya Nest Collective wa Nairobi. Waliijenga Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya documenta fifteen: banda lililosimamishwa kwa marobota ya nguo chakavu, juu ya nyasi za bustani ya Karlsaue, na ndani yake filamu kuhusu biashara hiyo. Sikuwa Kassel. Nimeijua kwa picha, na hata kwa picha inakubana kifua. Nguo ambazo sisi tunaziona zikitawanyika juu ya turubai, pale zimekazwa kwa kamba mpaka zimekuwa matofali. Mjerumani aliyekuja kutembea bustanini anakutana na kabati lake la zamani likiwa ukuta.

Naiheshimu kazi hiyo, kwa sababu inasema ukweli kuhusu belo. Belo hununuliwa limefungwa. Muuzaji wa Tandika hulipa kwanza, hukata kamba baadaye, na kama ndani kuna sweta zilizorowana na suruali zenye madoa, hasara ni yake. Banda la Kassel linamrudishia mtumaji fumbo hilo hilo. Lakini robota lililofungwa haligeuziki ndani nje. Ukutani kila nguo ni taka sawa na mwenzake, ya sufu yenye akiba na ile ya plastiki iliyoshonwa kwa haraka. Mama yangu angelizunguka banda lile akitafuta pa kuingiza kidole gumba. Najua kwamba kazi ile haikujengwa kwa ajili yake. Ninaloandika ni kwamba aliyetuma amejibiwa vizuri, na aliyepokea ametumika kama anwani.

Kazi ya pili ni ya Kampala. Bobby Kolade, mbunifu aliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba za mitindo za Ulaya kabla ya kurudi, ana chapa inayoitwa Buzigahill. Anachukua mitumba, anaikata, anaiunga upya, kisha anaiuza kule kule ilikotoka. Fulana moja inaweza kuwa imetokana na fulana kadhaa, vipande vya rangi tofauti vikikutana kifuani. Hapa belo limefunguliwa na kila nguo imeshikwa kwa mkono. Kuna jambo ambalo nadhani mshonaji wa nyumbani ataliona haraka kuliko mhakiki: kuunga nguo na nguo ndiyo njia iliyobaki pale mishono isipokuwa na kitu ndani. Huwezi kusogeza mshono, kwa hiyo unaleta kitambaa kutoka nguo nyingine. Mapambo yale yana shida ndani yake, na ni mazuri kwa sababu shida haijafichwa. Kati ya kazi zote ninazozitaja hapa, hii ndiyo pekee inayojua kuongeza.

Bado nina neno. Nguo hizo zikishakuwa nzuri zinaondoka. Naelewa hesabu yake: kiwanda lazima kilipe mafundi, na mteja anayeweza kulipa yuko ng'ambo. Naelewa pia kwamba kurudisha si maneno ya kisanii tu. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa nguo chakavu wa Marekani walilalamika, mpango wa AGOA ukaletwa mezani, nchi moja baada ya nyingine ikalegeza. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikaondolewa nafuu ya AGOA kwa upande wa mavazi. Baada ya hayo, mtu akiandika "irudishwe" kwenye lebo ya fulana, anatamka lililowashinda marais. Hiyo ni thamani. Ila mwili ninaoufikiria mimi uko Tandika, na umevimba miguu.

Mwaka jana binamu yangu aliolewa, nami nikamnunulia mama gauni. Lilikuwa la buluu iliyoiva, karibu jipya, lebo ya bei ya duka la ng'ambo bado inaning'inia. Dawa za presha zilibadilishwa mwaka huo na alikuwa amejaa. Nilipima kwa macho, nikaona litamtosha. Mimi, mtoto wa mwanamke yule, niliyekaa nikikosoa kazi za watu kuhusu mitumba, nililitazama mbele nikalipa.

Alilijaribu, zipu ikagoma katikati ya mgongo. Akalivua, akaligeuza. Ndani kila mshono ulikuwa umepigwa ovaloki, uzi umezungukana kama mnyororo, na nje ya mnyororo huo hakuna kitambaa. Mashine ya ovaloki ina kisu. Inashona huku inakata ukingo, na kiwanda kinachoshona maelfu ya magauni kinaokoa kitambaa kingi kwa kuacha upana usiofika kidole kimoja. Kilichookolewa kule ndicho mama alichokuwa anakitafuta. "Haina akiba," alisema. Halafu, bila hasira, "Aliyekata hii hakutarajia mtu anenepe."

Tulijaribu. Alichana kipande kutoka kanga yake ya zamani, sehemu ya pindo, akakitia ubavuni pande zote mbili. Gauni lilikuwa la kitambaa cha kuvutika, kanga haivutiki. Sindano ikaruka mishono, akabadilisha, ikaruka tena. Lilipokamilika lilimwenea, lakini ubavu ulikunjamana kama midomo ya mtu anayelia, na hakuna pasi iliyoweza kuunyoosha. Harusini alivaa dera. Gauni la buluu hulivaa jikoni akikaanga samaki, na kila nikiliona nasoma hukumu yangu pale kwenye pindo la kanga.

Video haikunionya juu ya hilo, kwa kuwa kwenye video kitambaa hakikatai. Banda la Kassel halikunionya, kwa kuwa nilishakubaliana nalo kwamba vyote ni taka. Buzigahill ilikaribia: ilinionyesha kiraka chenye heshima, ila nilikiona kama mtindo, nikasahau kuuliza kilitokana na nini. Uhakiki wa nguo, nimeamua, uanze anapoanzia mama. Usiulize kwanza nani ameituma, wala mwishoni imekuwa nini. Igeuze uone kama kuna mtu aliyefikiriwa ndani yake baada ya mvaaji wa kwanza.

Na kwa kuwa nimewakosoa wengine, niseme na langu. Ile suruali ya baba niliitundika chumbani kwangu, kwenye hanga ya mbao, ndani imegeuzwa nje, ili wageni waone ile mistari. Niliieleza kila aliyeuliza. Sikuwahi kuivaa. Nami nilikuwa nimejenga kibanda changu.

Mwezi uliopita mama alikuja kunitembelea, akasimama mbele yake kwa muda. Akanitazama kiunoni, maana na mimi sasa si yule wa chuo. "Mwanangu, hiyo bado ina akiba," akasema. "Ilete Jumapili."

Nilikawia wiki mbili. Mshono wa mwisho ulikuwa ule wa usiku, alioshona baba akiwa amelala, na kuuachia ilikuwa lazima uondoke wote. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua, yeye ndiye aliyeushona.

Jumapili ya tatu nilikwenda. Alivaa miwani, akavunja wembe katikati kama anavyofanya siku zote, akaanzia juu kiunoni. Uzi ulikuwa umeshazeeka na ulikatika wenyewe. Aliukusanya kwenye kiganja, vipande vifupi vya kijivu, akanipa nishike wakati yeye anatafuta chaki. Kisha akaniambia nisimame wima, nisivute tumbo ndani.