Gramu Zinazojificha Kichwani mwa Raketi

Raketi mbili za skwoshi zinaning'inia dukani, zote zimeandikwa gramu 125. Ya kwanza inageuka mkononi kwa wepesi; ya pili inaburuta kiganja kila unapotaka kubadili pigo dakika ya mwisho. Muuzaji hajakudanganya. Namba ile kwa kawaida ni ya fremu tupu, kabla ya nyuzi, gripu na mkanda wa plastiki unaokinga kichwa kisikwaruzwe na ukuta. Raketi ikikamilika inafika gramu 150 na ushee. Kanuni za mchezo zinaruhusu hadi 255, kwa hiyo tangu kaboni ichukue nafasi ya mbao, uzito wenyewe si tatizo tena. Swali ni umekaa wapi.

Kulijibu hakuhitaji maabara. Laza raketi iliyokwisha kufungwa nyuzi juu ya ukingo wa rula, isogeze hadi itulie bila kuinama upande wowote, kisha pima kutoka kwenye kitako cha mpini. Raketi yenye urefu wa sentimita 68.6, ambao ndio mwisho wa kanuni, katikati yake ni 34.3. Ikitulia mbele ya hapo, kichwa ni kizito. Ikitulia nyuma, ni chepesi. Wachezaji wengi huishia hapo, nao hukosea.

Chukua nyundo, ishike mpini uizungushe, kisha igeuze uishike kichwa. Uzito ni uleule, kazi ya mkono ni tofauti kabisa. Sababu ni kwamba ugumu wa kuzungusha kitu hukua kwa mraba wa umbali: gramu moja iliyo sentimita 60 kutoka kiganjani inasumbua mara nne ya gramu iliyo sentimita 30.

Sasa tuhesabu. Tuseme raketi kamili ina gramu 160 na inatulia kwenye sentimita 35. Ukibandika gramu 3 za utepe wa risasi kileleni, uzito unapanda kwa chini ya asilimia 2, na kipimo cha rula kinasogea hadi 35.6 tu. Lakini ugumu wa kuizungusha, kwa makadirio ya haraka, unapanda kwa takribani asilimia 6, na mkono unalisikia hilo mara moja. Utepe uondoe, badala yake zungushia mpini gripu ya pili ya gramu 5. Rula sasa inasema 34.2: raketi imegeuka kuwa ya kichwa chepesi! Ila kichwa hakikupoteza hata gramu moja, na pigo halijawa la haraka zaidi. Ndiyo maana siiamini lebo ya balansi peke yake. Izungushe raketi hewani kwanza, kama unayepiga voli, kwenda na kurudi, ndipo usome maandishi.

Nguvu nayo ina hesabu yake. Mpira una takribani gramu 24 na ni wa raba isiyopenda kudunda, hasa ule wa nukta mbili za njano. Ukigonga, raba inakunywa nishati nyingi, nyuzi zinarudisha sehemu kubwa ya kile zilichopokea. Kwa hiyo nyuzi zilizolegea kidogo hurusha mpira mbali zaidi kuliko zilizokazwa sana, kinyume cha imani ya wengi wanaomwambia fundi akaze hadi mwisho. Shingo iliyo wazi, ambayo huziacha nyuzi za wima zishuke hadi karibu na mpini, inaongeza urefu wa nyuzi na hivyo nguvu. Kichwa kizito kinasaidia pia, mradi mkono uweze kukifikisha kwa wakati. Anayechelewa kwenye voli hanufaiki nacho.

Hisia mkononi ni jambo gumu zaidi kulipima. Mpira ukigonga pembeni ya katikati ya nyuzi, fremu nyepesi hujipinda kiganjani, na ule mpira mfupi uliokusudia udondoke juu kidogo ya bati la chini ya ukuta wa mbele unaishia kwenye bati lenyewe. Gramu chache pembeni mwa kichwa, kulia na kushoto, hupunguza kujipinda huko kwa gharama ndogo kuliko zikiwekwa kileleni. Nyuzi nyembamba zinaleta hisia nzuri zaidi, lakini hukatika mapema, na huyu hapa ndiye mwizi wa fedha anayesahaulika dukani.

Anayecheza Dar es Salaam au Mombasa kwenye korti isiyo na kiyoyozi ana faida ambayo hakuilipia: joto linaupa mpira uhai. Mimi nisingemnunulia raketi ya kichwa kizito. Ningechukua inayotulia karibu na katikati, nikaze nyuzi kidogo, na pesa iliyobaki nimwekee ya nyuzi za pili. Naye aijaribu baada ya mpira kupata moto, kwa mipira mirefu ya ukutani mfululizo kisha mmoja mfupi. Huo mfupi ndio wa kutazama.